Nyasi Fupi za Chemoro

Khuwair ya Kusini, Maskati
9 Machi 1997

Dada Jemimah,

Nakusalimu wewe na Mama na wote walioko nyumbani. Sisi huku tu wazima. Mke wangu Joy amehamishiwa wodi ya watoto na anasema wagonjwa wake wapya wanauma. Mimi bado niko gazetini, nasahihisha Kiingereza cha watu wengine. Ivy ameniandikia kwamba amekuwa wa tatu katika hesabu, ila hakutaja darasa lina wanafunzi wangapi. Nisaidie hapo. Mimi babake naijua mbinu hiyo.

Sasa jambo lenyewe. Tony, yule afisa kijana wa utalii aliyeletwa mwaka jana, ameniomba niandike kijitabu cha historia na vivutio vya wilaya yetu ya Kamoriet. Kurasa ishirini na nne pamoja na picha. Rafiki yangu Mahfoudh anasimamia kiwanda cha uchapaji huko Rusayl, na amekubali kutuchapia nakala elfu mbili kwa karatasi zilizobaki kwenye kazi nyingine. Zitakwenda kwa meli hadi Mombasa.

Nahitaji macho yako. Maporomoko yana urefu gani hasa? Boma la mkoloni lilijengwa mwaka gani? Mapango ya chumvi yanayoingilika ni mangapi? Na Chemoro, lile bonde dogo la nyasi nyuma ya kilima cha misheni, lina nini cha kueleza? Tony amenitumia picha ya mahali hapo. Ni pazuri. Sikumbuki kufika huko hata mara moja, na hilo ni ajabu kwa mtu aliyekulia mwendo wa nusu saa kutoka hapo.

Unaijua desturi yangu tangu siku za Nairobi: jambo lisilo na mashahidi wawili haliingii.

Ndugu yako,
Enos


Shule ya Wasichana ya Misheni, Kamoriet
4 Aprili 1997

Mdogo wangu Enos,

Barua yako imefika. Mama anaendelea vizuri, kifua kimepoa tangu mvua ianze. Ng'ombe wako mwekundu amezaa ndama dume. Darasa la Ivy lina wanafunzi thelathini na wanane, kwa hiyo mpongeze na uache ujanja.

Maporomoko yana mita arobaini na moja. Fundi wa maji alishusha kamba mbele yangu. Hiyo sitini inayotajwa na Tony ni ya kuwafurahisha wageni. Jiwe la mlango wa boma limechongwa 1909, ingawa chifu husema 1907. Mapango yalikuwa matatu. Moja liliporomoka mwaka 1979, mawili yanaingilika, na wazee wawili wanaweza kukuonyesha mahali walipoficha mifugo wakati wa vita.

Chemoro iache. Ukilazimika kuitaja, andika wasemavyo wachungaji: mtu hashuki bondeni kabla jua halijafika chini kabisa, na akishuka haketi wala hainami. Kitu kikimponyoka, hakiokoti. Ng'ombe huvushwa, mbuzi hapana. Mbwa hubaki ukingoni wenyewe, hawaambiwi.

Usiniulize zaidi.

Dada yako,
Jemimah


Maskati, 29 Aprili 1997

Dada Jemimah,

Nashukuru kwa yote, hasa kamba ya fundi wa maji. Joto limeanza, na usukani wa gari saa sita mchana haushikiki. Joy anawasalimu na anauliza kama Mama alipata dawa ya kifua aliyomtumia.

Umeandika "usiniulize zaidi", na kazi yangu kwa miaka kumi na minane imekuwa kuuliza zaidi. Nani alidhurika Chemoro? Lini? Ana jina? Tony anasema amelivuka bonde lile mara tatu, adhuhuri, na mara moja aliangusha kalamu akaiokota. Yeye ni shahidi. Wewe unaniletea wachungaji wasio na majina.

Tafadhali msomee Mama swali hili kama lilivyo: Kuna mtu aliyewahi kudhurika Chemoro? Ndiyo au hapana itatosha.

Enos


Kamoriet, 11 Juni 1997

Mdogo wangu,

Dawa ilifika na Mama anaitumia kwa kipimo chake mwenyewe, yaani akikumbuka. Mahindi yamefika magotini. Mhasibu wa shule amefiwa na mkewe, tulizika Alhamisi.

Nimemsomea Mama swali lako. Alikuwa anapepeta maharagwe. Aliendelea kupepeta. Nikalirudia. Akasema, "Mwambie Enos maharagwe ya mwaka huu yana wadudu." Hilo ndilo jibu ulilopewa.

Kuna jambo ambalo ningeweza kulisema, na nimeahidi kutolisema tangu nikiwa mtoto. Usinilazimishe. Weka zile sentensi nne za wachungaji tu. Hazichukui nafasi.

Nakuomba kwa sababu hii: Tony amepanga kambi ya wasichana sitini wa shule yetu, Jumamosi tarehe 6 Desemba. Watapiga hema chini kabisa bondeni na kulala huko hadi asubuhi. Nimempinga, lakini mwalimu mkuu amekubali, nami ni naibu tu. Ivy amejiandikisha wa kwanza.

Jemimah


Maskati, 25 Agosti 1997

Dada Jemimah,

Poleni kwa msiba. Sisi tu wazima. Joy amepata likizo ya Novemba na atakuja nyumbani, mimi sikupewa.

Kijitabu kimeingia mtamboni Rusayl jana. Nimekaa na Mahfoudh siku nzima, masikio bado yanavuma. Ukurasa wa kumi na nne unasema hivi: "Chemoro ni bonde la mviringo lenye ardhi tambarare na nyasi fupi, lililokingwa na upepo pande zote. Hewa yake ni tulivu, hasa asubuhi. Ni mahali pazuri pa kupiga hema."

Sentensi za wachungaji nimezikata. Usikasirike. Upande mmoja nina afisa aliyevuka bonde mara tatu, mwenye jina na cheo. Upande wa pili nina desturi, na watu wawili wa nyumba yangu ambao hawataki kusema ndiyo wala hapana. Ningemfanyia hivyo mwandishi yeyote aliye chini yangu.

Ruhusa ya Ivy nimeitia sahihi, imo ndani ya bahasha hii.

Enos


Kamoriet, 20 Oktoba 1997

Enos,

Mama yuko. Ivy yuko. Mvua imekuwa nyingi mno. Daraja la chini limekwenda na simu za posta zimekufa tangu wiki jana. Barua hii nampa dereva wa lori la maziwa.

Vijitabu vimefika kabla ya barabara kukatika. Ni vizuri, picha hazikufifia. Tony amezigawa nakala kwa hoteli, kwa makampuni ya safari Nairobi, na kwa kila mzazi aliyekuja mkutanoni Jumamosi.

Katika mkutano huo nilisimama. Nikasema Chemoro si mahali pa kulala. Tony akauliza, "Kwa nini, Mwalimu?" Nikasema wachungaji hawalali huko. Akasema, "Wachungaji hawalali hotelini pia." Watu wakacheka. Kisha akafungua ukurasa wa kumi na nne akasoma kwa sauti, polepole, na alipomaliza akaniuliza, "Huyu Enos aliyeandika si ndugu yako wa tumbo moja?"

Nikaketi.

Zimebaki wiki saba. Karatasi ya ruhusa ya Ivy nimeiweka kabatini, sijaikabidhi. Lakini wako wengine hamsini na tisa, na baba zao wameshatia sahihi.

Jemimah


Khuwair ya Kusini, 14 Novemba 1997

Dada Jemimah,

Salamu zitakuja baadaye. Nimepiga simu siku nne hazishiki. Nimetuma faksi mbili ofisi ya wilaya, hakuna jibu. Joy anaondoka leo na atakupa barua hii mkononi.

Jumatatu Mahfoudh alikuja ofisini, tukanywa kahawa. Juu ya meza kulikuwa na mswada wangu wa kwanza, na zile sentensi nilizozikata kwa wino mwekundu. Alizisoma, akaweka kikombe.

"Hebu, hawa mbuzi hawapiti, ng'ombe wanapita?"

"Ndivyo wasemavyo wachungaji. Nimezikata."

"Umezikata! Kwa nini, bwana wee?"

"Hapakuwa na shahidi wa pili."

"Shahidi wa pili si huyo mbuzi! Ng'ombe pua yake i juu, mbuzi pua yake i chini. Sikiliza, sheikh. Miye nna babu alokuwa akisafisha falaj." Hiyo ni mifereji ya maji ya huku, hupita chini kwa chini, na mafundi huiingia kwa visima. "Hawateremki kisimani ila wateremshe taa kwanza. Taa ikizimika, hateremki mtu, hata kama nduguyo yumo ndani anakwita. Pumzi mbaya hiyo, nzito, inakaa chini kama maji. Huioni, hainuki. Na asubuhi ndo khatari zaidi, upepo haujaamka."

Nikamwambia kuna wasichana sitini watalala huko. Alichukua funguo za gari akanipeleka posta kuu kutuma simu ya maandishi. Sijui kama imekufikia.

Simamisha kambi. Sema mimi nimekosea, onyesha barua hii, soma jina langu mbele ya watu. Na ahadi yako, yoyote ile, ivunje.

Enos


Kamoriet, 17 Desemba 1997

Mdogo wangu Enos,

Joy alikwama Nairobi wiki tatu kwa mafuriko, akafika tarehe 9 mwezi huu, kwa miguu kutoka mtoni, na barua yako ikiwa imelowa pembe. Simu ya maandishi haikufika. Ivy ni mzima. Wasichana wote ni wazima. Nimeanza na hilo usome mengine ukiwa umeketi.

Jumapili tarehe 30 Novemba nilisimama kanisani baada ya matangazo. Nilisema nilichokiona Januari 1958. Sasa nakuandikia na wewe, kwa kuwa umeshasemwa mbele ya watu mia mbili na huna habari.

Baba hakufa kwa homa. Alikuwa mwinjilisti, na watu wa misheni walikuwa wakilalamika kwamba waumini bado wanaogopa Chemoro kama wapagani. Akaamua kuwafundisha. Akachukua watu wanane, watu wazima, akawapeleka asubuhi kabla ya jua ili kuivunja desturi yenyewe. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Mama alikuwa ameteguka mguu, kwa hiyo wewe ulikuwa mgongoni kwangu. Ulikuwa unalia. Baba akaniambia nibaki ukingoni mpaka unyamaze.

Walishuka wakiimba. Walipofika chini walisimama duara, na walikuwa wazima, nawaona mpaka leo. Kisha Baba akasema, "Tupige magoti."

Hawakupiga kelele. Wawili walijaribu kuinuka. Mmoja aliinuka nusu. Mimi nilidhani wanaomba sana. Nilingoja, wewe ukalala. Jua lilipofika kwao nilishuka hatua chache, kichwa kikaniuma, nikarudi mbio.

Misheni walimwomba Mama aseme ni homa, ili kanisa lisifungwe na mume wake asiitwe muuaji. Familia zote tisa zilikubali kusema hivyo. Mama aliniapisha siku hiyohiyo. Nilipokuwa nasema kanisani alikuwa kiti cha tatu. Alitoka kabla sijamaliza, na tangu siku hiyo hajaniambia neno. Chakula changu anakula.

Wazazi waliwaondoa wasichana wao. Tony alikasirika. Alikuja ofisini kwangu na viatu vyake vya matope. "Mwalimu, umeniaibisha kwa hadithi ya miaka arobaini." Nikamwambia apeleke taa, apeleke kuku, ajaribu. Akasema, "Nitajaribu mwenyewe. Jumamosi asubuhi nitakuletea picha."

Alikwenda Ijumaa jioni na hema moja. Nilituma watu wawili wamzuie, akawafukuza. Jumamosi saa nne, jua lilipotulia bondeni, tulimfuata. Alikuwa amelala ubavu, blanketi mpaka begani. Viatu alikuwa amevivua na kuvipanga mlangoni, soksi ndani. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Sasa ofisi ya wilaya imeniletea karatasi ya kifo chake nitie sahihi, kama mmoja wa waliomkuta. Imeandikwa homa ya mapafu. Wanasema wageni wa Pasaka wameshaweka nafasi hotelini.

Jemimah


Maskati, 11 Januari 1998

Dada,

Barua yako niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimeketi kama ulivyosema.

Sina la kusema juu ya Baba bado. Juu ya Tony ninalo. Alikuwa na maneno yangu, na maneno yangu yalikuwa na uzito kuliko yako kwa sababu yalichapwa. Zile sentensi nne zilikuwa na maneno ishirini na matano. Nimeyahesabu.

Mahfoudh ameteketeza nakala mia moja na sita zilizokuwa zimebaki Rusayl. Nimeandikia hoteli zote nilizozijua na makampuni saba ya safari. Mawili yamejibu. Moja linauliza kama naweza kuwatumia nakala zaidi.

Karatasi ile usiitie sahihi.

Enos


Kamoriet, 3 Mei 1998

Enos,

Sikuitia. Wamenihamishia shule iliyo ng'ambo ya mto, kwa hiyo nimeomba kustaafu mapema. Wageni wa Pasaka niliwaweka mapangoni, wakafurahi. Kila asubuhi naenda Chemoro, nakaa ukingoni mpaka jua lifike chini bondeni. Nilipachika kibao cha onyo. Kimeng'olewa. Nimepachika kingine.

Mama ameanza kuniambia "chumvi" na "mlango". Ni mwanzo.

Jemimah


Khuwair ya Kusini, 2 Juni 2001

Dada Jemimah,

Tunawasalimu. Joy ana shinikizo la damu na anajitibu kama Mama, yaani akikumbuka. Nimepokea matokeo ya Ivy ya chuo kikuu. Safari hii ametaja idadi ya wanafunzi. Najua miaka hii tumeandikiana kuhusu ng'ombe na mahindi tu, nami nilikuwa nashukuru kwa hilo.

Jana Aliya, binti wa Mahfoudh, alikuja nyumbani na jarida la safari, lile linaloachwa bure kwenye kumbi za hoteli za hapa na katika miji mingine ya Ghuba. "Ami Enos, hapa si kwenu?" Ni ile picha ya Chemoro aliyonitumia Tony, ukurasa mzima. Maandishi ni ya Kiarabu. Nikamwomba anifasirie. Alifika mstari wa tatu na mimi nikawa naumalizia mwenyewe kabla yake: ardhi tambarare, nyasi fupi, hewa tulivu hasa asubuhi. Wameongeza ramani. Jina langu hawakuliweka.

Nimempigia mhariri wake, bwana mmoja Ghassan. Mtu muungwana. Nikamweleza watu kumi wamekufa pale. Akasema, "Lahaula. Lakini picha nzuri sana, ya akhi. Tutaweka masahihisho toleo la Septemba." Nikamwambia Julai ndio mwezi wa likizo, watu watasafiri. Akasema la Julai limeshachapwa, nalo linarudia makala ileile kwa sababu wasomaji wameipenda.

Angalia barabara. Nimekata tikiti ya tarehe 28 Julai, nitakaa ukingoni pamoja nawe.

Enos


Kamoriet, 21 Julai 2001

Mdogo wangu Enos,

Barua yako ilichukua wiki saba. Nimeipata leo, Jumamosi.

Mama alizidiwa kifua usiku wa Jumatatu, na Jumanne alfajiri nilimpeleka zahanati kwa pikipiki ya jirani. Sasa anaendelea vizuri, amerudi nyumbani. Ilikuwa asubuhi ya kwanza mwaka huu mimi kutokwenda Chemoro mapema.

Nilipotoka zahanati nilipita huko saa mbili na nusu. Kulikuwa na ukungu na baridi. Gari la kukodi lilikuwa ukingoni, na kibao changu kilikuwa mahali pake, kimeandikwa Kiswahili na Kiingereza. Walikuja wanne, vijana wa kiume, wanazungumza Kiarabu. Wawili walikuwa juu, wanachemsha chai kwenye jiko dogo. Hema ilikuwa chini, na wale wawili wengine walikuwa bado wamo ndani.

Mmoja alikuwa ameshika birika na anawaita wenzake waje kunywa. Aliita akicheka. Kisha akaita bila kucheka. Alipoanza kushuka nilimrukia, nikamshika kiunoni kwa mikono yote miwili, tukaanguka wote, naye akanipiga kiwiko mdomoni, na sikumwachia. Yule mwingine nilimpigia kelele mpaka akasimama. Hawakunielewa neno hata moja. Tulikaa hivyo zaidi ya saa nzima, tukingoja jua, na muda wote huo yule niliyemshika aliendelea kuwaita wale wawili wa chini. Hivyo ndivyo nilivyoyajua majina yao.

Dada yako,
Jemimah